Aliyezoea Kubeba

Tangu asubuhi Apollinarie alikuwa akishona gauni la arusi la mtu mwingine, na tangu asubuhi alikuwa akimwomba Mungu jibu. Mungu hakusema neno. Au labda alisema, ila cherehani ilikuwa na kelele.

Jibu lenyewe lilitakiwa kabla jua halijazama. Mzee Donatien, baba mkubwa wa Bruno, alikuwa ameondoka Lemera alfajiri, ashuke mlima kwa pikipiki mpaka tambarare, kisha apande gari kuja Uvira. Kesho yake, Jumamosi, ndiye angewaongoza wazee kwenda nyumbani kwa kina Apollinarie, mtaani Kavimvira, kushika irembo: kusimama mlangoni kwa binti, kutoa vinywaji, na kuomba mlango huo usifunguliwe mchumba mwingine. Lakini wazee hawaendi mahali ambapo binti mwenyewe hajasema ndiyo, na Apollinarie alikuwa hajasema ndiyo. Hapana pia hakuwa amesema. Alikuwa amesema "ngoja", na Bruno alikuwa anangoja tangu mvua za mwaka jana.

Asubuhi hiyo Jean-Berchmans, kaka yake mkubwa, alikuwa amemkalisha mezani. Yeye ndiye kichwa cha familia tangu baba yao afariki. Ni mkatekista, mtu wa sauti ya chini, asiyetumia neno la pili pale ambapo la kwanza limetosha.

"Apo," alisema, "minye sina neno na huyo muganga. Ni muntu wa milimani, haya. Anasali kwa Waprotestanti, hiyo nayo tutaongea na padri. Lakini irembo ya aibu sitaifungua mara ya pili."

"Yaya, nimesikia."

"Hujasikia. Ile mara ya kwanza tulikuuliza, weye ukainamisha kichwa. Sisi tukasema, ni haya ya kibinti, amekubali. Tukakunywa. Halafu Pierre akaenda Kalemie, akaoa kule, na pombe yake tayari iko mu matumbo yetu. Mama hapa alishindwa kupita sokoni. Leo sitaki kichwa, nataka kinywa. Uje uniambie wewe mwenyewe mbele ya giza: waje, ao wasije."

Mama yao, Libérate, alimwongezea binti yake sukari katika chai, kijiko juu ya kijiko, mpaka chai ikawa haiwezi kunyweka.

"Na ile mambo ya kulala chini mikono wazi," Jean-Berchmans aliongeza, "ni ibada ya nani?"

"Yaya, siku ya upadirisho mapadri wanalala chini mbele ya altare."

"Wanalala kifudifudi."

"Minye nalala chali. Unaona Mungu hawezi kunitambua upande huo?"

Mama Libérate alicheka ndani ya kikombe chake. Jean-Berchmans hakucheka, lakini aligeuka akatazama dirishani, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa jirani na kucheka.

Apollinarie alikuwa ameanza kwenda kwenye yoga kwa sababu ya pumzi. Tangu Pierre aondoke, pumzi yake ilikuwa ikifika hapa, chini kidogo ya shingo, kisha inageuka na kurudi ilikotoka. Alipopanda ngazi alisimama katikati kama bibi kizee. Daktari alimpima moyo na mapafu, hakuona kitu, akamshauri apumzike. Mama Consolée ndiye aliyeona. Alikuwa mjane mnene, mcheshi, aliyejifunza yoga Bujumbura katika kikundi cha wanawake waliopatwa na majonzi, kisha akarudi nayo Uvira na kuombewa ukumbi nyuma ya kanisa na Paroko mwenyewe. Alimtazama Apollinarie mara moja tu akasema, "Weye huna ugonjwa, mwanangu. Una sentineli mukali. Amesimama hapo kifuani, hataki hata wewe mwenyewe uingie."

Alasiri hiyo ukumbi ulikuwa na joto. Madirisha yalitazama ziwa, na upepo ulileta harufu ya ndakala, samaki wadogo wa ziwani, waliokuwa wakikauka mchangani. Wanawake walikuwa wamekwisha kutandika vikwembe vyao, vitenge vya kujifunga, sakafuni. Bruno, mwanaume pekee, alikuwa pembeni karibu na mlango, mahali pake pa siku zote.

Alikuwa muuguzi hospitalini, muganga kama watu wa hapo walivyowaita wauguzi wote, mrefu, mwenye mabega mapana yaliyoinama kidogo kama ya mtu anayepita chini ya dari fupi. Alikuja hapo kwa ajili ya mgongo. Siku ya kwanza akina mama walimcheka mpaka machozi, na siku ya pili wakaanza kumletea ndizi.

"Muganga wetu mgonjwa," Délice, muuza samaki, alimsalimu, "leo umekuja kutibiwa ao kutuchunguza?"

"Nimekuja kuona kama umejifunza kunyamaza, Mama Délice."

"Hiyo si ya yoga, hiyo ni ya miujiza. Uende kwa padri."

Apollinarie alipita akiinamisha macho. Lakini macho yana njia zake. Yaliinuka yenyewe yakakutana na ya Bruno, na katika kile kitambo kifupi aliona swali lilelile, limekaa pale kwa upole kama mgeni asiyetaka kuharakisha mwenyeji. Alitandika kikwembe chake mbali, upande wa pili wa ukumbi.

Mama Consolée alipiga makofi mara moja, wakanyamaza. Hakuna siku aliyoanza bila sala.

"Mungu wetu," alisema, "hivi tulivyobeba tangu asubuhi tunaviweka chini mbele yako. Wengine tumebeba watoto, wengine samaki, wengine maneno ya watu. Tunakuomba utuoneshe namna ya kuweka chini bila kutupa. Amina."

"Amina."

Wakaanza. Wakanyosha mikono juu, wakainama, wakapinda migongo kama paka anayeamka. Apollinarie aliyaweza hayo yote. Mwili wake ulipenda kazi. Shida yake ilikuwa ni ule mkao wa kufungua kifua. Unakunja kikwembe kama mkate mrefu, unakiweka chini ya mgongo, kati ya mabega, unalala juu yake. Kifua kinainuka chenyewe. Kisha unaweka mikono pembeni, viganja vikitazama juu, na hufanyi kitu kingine. Ni hicho tu. Mtoto angeweza.

Alilala. Aliweka mikono wazi. Alihesabu pumzi chache, kisha akaona kwamba mikono yake imekwisha kurudi, imekunjana kifuani, na hakukumbuka kuirudisha.

Mama Consolée alipita akamchuchumalia.

"Apo, nani amekuja kuiba?"

"Hakuna, Mama."

"Basi toa mikono. Mungu akitaka kuweka kitu hapo, atapitisha wapi?"

Akaitoa. Ikarudi. Wakati huo, akiwa anatazama mbao za dari, Apollinarie alifikiri juu ya sala zake. Kila usiku alishika rozari kwa nguvu mpaka punje zikamwachia alama vidoleni, na kila usiku alimwambia Mungu maneno yaleyale: Nioneshe kwanza. Nihakikishie kwamba huyu hataondoka, ndipo nitasema ndiyo. Kwa mara ya kwanza maneno hayo yalimtia aibu. Kumbe hakuwa anaomba. Alikuwa anatoa masharti.

Kisha ukafika mkao wa mwisho, wa kulala tu, macho yamefungwa, ambao Mama Consolée aliuita kujikabidhi. Ukumbi ukatulia. Mtu mmoja akaanza kupumua kwa usingizi. Apollinarie alifungua jicho moja na kutazama mlangoni.

Bruno alikuwa hajalala. Alikuwa amekaa kitako kando ya kizingiti, magoti yamekunjwa, analinda rundo la viatu vya akina mama.

Alikaa hivyo kila siku. Na kila siku Apollinarie alikuwa ameliona jambo hilo bila kujua kwamba ameliona.

Baada ya somo wanawake walikusanya vitu vyao wakaondoka kwa makundi. Délice alipita kwa Bruno akamnong'oneza kwa sauti ambayo hata wavuvi waliisikia, "Muganga, nguvu. Kama akikataa, minye niko na mudogo wangu anapika vizuri." Mama Consolée alimsukuma nje kwa mkono, kisha akabeba vikwembe vya ukumbi ambavyo vilitakiwa kufuliwa.

"Niko pale bombani nafua," alisema. "Mlango ukae wazi. Muongee kama batu wazima."

Wakabaki wawili. Apollinarie alikaa kwenye benchi, Bruno akasimama karibu na dirisha, na kati yao kulikuwa na sakafu tupu.

"Mzee amefika Sange," Bruno alisema. "Amenipigia muda si mrefu. Anauliza kama aendelee kuja, ao ageuze."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia aendelee kidogo."

"Kidogo ni mpaka wapi?"

"Mpaka weye useme, Apo."

Alitazama mikono yake. Kidole cha shahada kilikuwa na tundu la sindano la asubuhi.

"Bruno, ninaomba uningojee mpaka Pasaka."

"Mbele ya Noeli uliniambia Noeli." Hakupandisha sauti. "Ukisema hapana, nitaipokea. Itaniuma, lakini nitaipokea. Hii 'ngoja' ndiyo imenichosha. Sijui kama niko ndani ao niko nje."

"Unaona ninacheza na weye?"

"Hapana. Naona unalinda. Sijui unalinda nini. Mwizi alishaendaka Kalemie."

Neno hilo lilimchoma. Apollinarie alisimama, akachukua kikwembe chake, akaanza kukikunja vibaya.

"Basi nisamehe," Bruno alisema haraka. "Nisamehe. Nimesema vibaya. Kaa. Nikuambie kitu kimoja tu, kisha uende ukitaka."

Hakukaa, lakini aliacha kukunja.

"Nikiwa kijana, kwetu, nilikuwa mu chama cha kubeba bagonjwa. Unajua kule gari haifiki. Tunatengeneza machela ya bambu, ile nyinyi mnaita ingobyi, tunashuka nayo mpaka hospitali, wanne tunabeba, wanne wanangoja zamu. Siku moja tulibeba mama mmoja mwenye uchungu wa kuzaa. Mama huyo alikataa kulala. Alishika miti ya machela huku na huku, anatuelekeza. 'Kushoto, kuna jiwe. Pole pole, utelezi. Weye wa nyuma, umelala?' Njia sisi tunaijua tangu tuko watoto, na yeye macho yake yanaangalia mbinguni. Kila akijikaza, machela inayumba. Karibu tuanguke naye bondeni."

Apollinarie hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimponyoka.

"Alifika?"

"Alifika. Alizaa vizuri, mtoto wa kiume. Lakini alifika amechoka kuliko sisi tuliomubeba."

Kicheko kikaisha. Alielewa alikoelekezwa. Upepo uligonga dirisha. Kule bombani Mama Consolée alikuwa akiimba wimbo wa Bikira Maria huku akipiga nguo jiweni.

Kisha Apollinarie akageuka akamtazama usoni, bila kuinamisha macho.

"Weye unaongea vizuri sana juu ya kubebwa. Sasa niambie. Nani alishakubeba weye?"

Bruno aligeuka akatazama ziwa.

"Mwaka jana ulishikwa na malaria," Apollinarie aliendelea. "Ulitembea kwa miguu mpaka hospitali, ukaanguka pale kwenye geti. Délice ndiye alituambia. Hukuita hata muntu mmoja."

"Sikutaka kusumbua batu."

"Na hapa, tangu ulianza kuja, unafanya yote. Unapinda mgongo, unanyosha miguu. Ikifika saa ya kulala, unaenda kukaa na viatu. Minye ninashindwa kufungua mikono, ni kweli. Lakini weye hata kulala hulali. Halafu unasimama hapo unanifundisha kujikabidhi."

"Lazima mtu aangalie mlango."

"Kandambili za Délice. Nani ataiba?"

Safari hii ni Bruno aliyetaka kucheka akashindwa. Alishuka polepole akakaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Kwetu wanasema machozi ya mwanaume yanateremkia tumboni," alisema.

"Hata kwetu wanasema hivyo."

"Basi."

"Basi tumbo limejaa, Bruno. Sasa yanatafuta njia kupitia mgongo."

Bruno aliinama akatazama vidole vyake vya miguu.

"Wa mwisho niliyebeba alikuwa mama yangu. Sisi tulifika. Yeye hakufika. Tulimweka pale kwenye baraza ya hospitali, nikamfunika. Halafu wakaja kusema machela inahitajika, kuna mzee mwingine juu, kule njia ya Rurambo. Machela ilikuwa moja tu. Nikaibeba nikapanda nayo. Wenzangu walisema nibaki, nikasema hapana, nguvu ninazo. Nilifikiri nitalia nikirudi. Nikirudi kulikuwa na kuchimba kaburi, kulikuwa na wageni, kulikuwa na wadogo zangu. Tangu siku ile, nikilala mchana, ninasikia kama kuna mtu ananingojea nimbebe."

Apollinarie alimtazama. Alikuwa amempenda Bruno kwa utulivu wake, na alikuwa amefikiri kwamba utulivu huo ni ukuta imara ambao mwanamke anaweza kuegemea. Sasa aliona kwamba nyuma ya ukuta kulikuwa na kijana amesimama na machela mkononi, hajaambiwa bado kwamba anaweza kuiweka chini. Kitu fulani ndani yake kilimwendea huyo kijana kabla hajakiruhusu.

Alikitandaza upya kikwembe chake katikati ya ukumbi. Alikunja cha Bruno kama mkate mrefu, akakiweka mahali pa mabega.

"Lala," alisema.

"Apo, mzee yuko njiani."

"Gari itamleta. Lala. Mlango nitauangalia mimi."

"Na jibu langu?"

"Sijakuambia ulale kwa sababu ya jibu."

Alisita. Kisha, kama mtu anayeingia katika maji asiyojua kina chake, alijinyosha, akalaza kichwa. Kifua chake kikubwa kikainuka. Apollinarie hakumgusa. Alienda akakaa pale kizingitini, mahali pake Bruno, kando ya viatu vyake vyeusi vilivyopigwa rangi vizuri, na simu yake ndani ya kiatu kimoja.

"Mikono pembeni," alisema. "Viganja juu."

"Kama mwizi aliyekamatwa."

"Kama mwizi aliyekamatwa. Funga macho."

"Ukitoka utaniambia?"

"Sitoki."

Alifunga macho. Mwanzoni kope zilitetemeka na taya lilikuwa limekazwa. Apollinarie, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine, alianza kusali. Hakushika rozari. Hakumwambia Mungu afanye nini. Alisema tu jina la Bruno, kisha akanyamaza, kisha akalisema tena.

Chozi lilitoka kwenye kona ya jicho la Bruno, likapita taratibu pembeni, likaingia sikioni. Hakulifuta. Likaja jingine. Hakutoa sauti yoyote. Kisha taya lake likalegea, midomo ikaachana kidogo, na Apollinarie, aliyekuwa akisubiri chozi la tatu, aliona kwamba mtu huyo amelala usingizi.

Alikaa akimtazama. Aliona kovu dogo juu ya nyusi ambalo hakuwahi kuliona. Aliona nywele chache nyeupe, mapema mno, karibu na sikio. Na aliona jambo moja lililomfanya ainamishe kichwa: Bruno hakuwa amepata jibu. Hakujua kama mwanamke aliyekaa mlangoni atakuwa mke wake au atamwacha kesho. Hakuhakikishiwa kitu. Na alikuwa amelala hivyohivyo, koo wazi, mbele yake.

Yeye, Apollinarie, alitaka kuhakikishiwa kwanza, ndipo apumzike. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuanza na upande ule mwingine.

Simu ikalia ndani ya kiatu.

Aliishika haraka ili isimwamshe. Kwenye kioo kulikuwa kumeandikwa: Baba Mkubwa. Aliiziba kwa kiganja, akaiacha ikakata. Ikalia tena. Bruno alijigeuza kidogo. Apollinarie aliinuka, akatoka hatua moja nje ya kizingiti, na kabla hajafikiri akaiweka sikioni.

"Bruno, mwanangu, nimefika," ilisema sauti ya mzee, nyuma yake kelele za magari.

"Si Bruno, Baba. Bruno amelala."

"Amelala? Mchana? Anaumwa?"

"Hapana, Baba. Amechoka tu."

"Hm." Mzee alivuta kitu, labda chai. "Bruno halalaka mchana. Tangu mama yake afe, sijamwona amelala mchana. Weye ni nani, binti? Mnatumika kazi pamoja?"

Angeweza kusema ndiyo, mambo yakaishia hapo.

"Tunajifunza pamoja, Baba."

"Basi nisaidie, mwanangu. Niko hapa Kavimvira kwenye kituo, na gari ya mwisho ya kurudia Sange iko inajaza batu. Goti langu halitaki usiku wa barabarani. Kuna binti mmoja Bruno anamngojea jibu. Unamjua?"

"Namjua."

"Ni muntu wa namna gani?"

Apollinarie aliangalia ziwa. Maji yalikuwa yametulia, na ng'ambo milima ya Burundi ilikuwa imeanza kugeuka rangi.

"Ni muoga, Baba."

"Woga wa nini?"

"Alifungua mlango mara moja. Aliyeingia alitoka akaubeba na mlango wenyewe."

Mzee alicheka kifuani, kicheko kifupi kilichogeuka kikohozi.

"Muoga si mbaya. Muoga anafunga ng'ombe vizuri. Minye ninaogopa muntu ambaye hajui anataka nini. Yeye anajua?"

"Anajua."

"Basi anataka nini?"

Kwenye simu ilisikika sauti ya kondakta akiita, Sange, Sange, Sange, na mlango wa gari ukivutwa. Apollinarie alivuta pumzi ya kumjibu, ikashuka chini mno, kuliko alivyokuwa ametayarisha.

"Anataka mje," alisema. "Baba, ni mimi."

Damu ilimpanda usoni. Binti hazungumzi na wazee wa upande wa mume kabla irembo haijafunguliwa. Hata kuwatazama sana ni kosa. Na yeye alikuwa amewaita wakwe kwa kinywa chake mwenyewe, kwa simu, kama mtu anayeagiza vitambaa.

"Kwetu," mzee alisema polepole, "binti haongeaki na wazee wa bwana mbele ya siku."

"Hata kwetu, Baba."

"Basi sisi hatujaongea."

"Hatujaongea, Baba."

"Lakini chai hii ni ya moto sana. Nitaimaliza pole pole." Kisha sauti yake ikasogea mbali na simu, ikawa ya kuamuru. "Weye, konda, muende. Nafasi yangu mpe mwingine. Minye ninabaki."

Simu ikakatika. Apollinarie alibaki ameishika kwa mikono yote miwili.

Mama Consolée alikuwa amesimama nyuma yake, mikono inadondosha maji, na uso wake ulionesha kwamba amesikia ya kutosha. Alichungulia ndani ya ukumbi, akamwona Bruno, akafanya ishara ya msalaba kwa kidole chenye povu.

"Mungu wangu. Amelala huyu?"

"Amelala. Mama, nisaidie kuangalia mlango. Yaya ananingoja nyumbani, na leo anataka kusikia kinywa changu."

"Atakasirika ulimwita mzee mwenyewe."

"Sikumwita. Hatujaongea."

Mama Consolée alijishusha kizingitini kwa mlio wa magoti. Ndani, Bruno alivuta pumzi ndefu, na ikatoka na mkoromo mzito wa mtu aliyelala usingizi wa miaka, mpaka kunguru wawili waliokuwa dirishani wakaruka.

"Mwanangu," Mama Consolée alisema, "unasikia hiyo? Hiyo ndiyo utalala nayo."

Apollinarie alisimama akasikiliza kidogo, kichwa ameinamisha upande, kama fundi anayesikiliza mashine mpya.

"Nitazoea," alisema. Akavaa viatu vyake, akaenda kumwambia kaka yake.